Mbugani na mitaani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maisha ya wanyama na maisha yetu

Maswali haya huulizwa na wanafunzi, na wageni wa ndani wanaotembelea hifadhi, na watu wazima wanaobishana vijiweni baada ya kuangalia simba kwenye televisheni. Majibu yameegemea zaidi hifadhi za Tanzania na Kenya, kwa sababu huku kuna wanyama waliofuatiliwa kizazi baada ya kizazi, kila mmoja akijulikana kwa sura yake, mama yake na maadui zake.

Si kweli kwamba porini ni mwenye nguvu mpishe?

Ni kweli nusu, tena ile nusu ndogo. Simba humla nyumbu, hilo halina ubishi. Lakini ukiuliza ni nini kinachowamaliza wanyama wengi, jibu mara nyingi ni njaa, ukame, magonjwa na maji. Mto Mara peke yake huzamisha wastani wa nyumbu 6,250 kila mwaka. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wale wenye manyoya meusi shingoni na vifua vipana hawakupewa nafuu yoyote.

Ukifuatilia walionusurika, unakuta huyu alikuwa na nyanya anayejua maji yalipo, yule alikuwa na ndugu wa kumtetea, na mwingine alizaliwa wiki nzuri. Ule msemo kwamba anayefaa zaidi ndiye husalia, ambao watu humbebesha Charles Darwin, ulitungwa na mwanafalsafa Herbert Spencer mwaka 1864. Darwin aliuazima baadaye, na matajiri na wakoloni wakaupenda mno, kwa sababu ulifanya unyang'anyi uonekane kama hali ya hewa.

Kwa nini nyumbu huzaa kwa mkupuo?

Karibu asilimia 80 ya ndama huzaliwa ndani ya wiki mbili tatu, mara nyingi Februari, kwenye nyasi fupi za kusini mwa Serengeti na Ndutu. Fisi na simba wana matumbo yenye kikomo. Ndama wakiwa maelfu kwa siku, wanaoliwa ni wachache kwa hesabu, na ndama husimama ndani ya dakika chache na kuanza kukimbia na mama yake. Anayetangulia sana au kuchelewa sana ndiye anayekuwa peke yake mbele ya fisi wenye njaa.

Wakulima wa mtama wanaijua hesabu hii. Kijiji kikipanda pamoja, kweleakwelea hugawanyika kwenye mashamba yote. Shamba la aliyechelewa hupata ndege wote peke yake.

Nimesikia fisi wana vyeo vya kurithi. Kweli?

Kweli, na vinarithiwa kwa mama. Hadithi za utotoni zimemwonea sana fisi, zikamfanya mlafi na mjinga anayedanganywa na sungura kila siku. Fisi madoa wa Maasai Mara wanafuatiliwa tangu 1988, katika mradi ambao kwa miaka mingi uliongozwa na Kay Holekamp, na kilichoonekana ni jamii yenye siasa nzito kuliko baadhi ya mabaraza ya madiwani.

Ukoo wa fisi unaweza kuwa na makumi ya wanyama. Majike wako juu, na dume aliyehamia kutoka ukoo mwingine huanzia mkiani. Kila kitoto hukalia ngazi iliyo chini kidogo tu ya mama yake. Namna kinavyofika hapo ni jambo la kutazama kwa makini. Kitoto cha jike mkubwa kinausogelea mzoga. Jike mzima wa ngazi ya chini, mwenye uwezo wa kukivunja shingo kwa ng'ato moja, anainua kichwa. Mama anasogea hatua mbili nyuma ya mwanawe. Yule jike analaza masikio, anaingiza mkia katikati ya miguu na kujiondokea. Hilo likirudiwa mara nyingi, kitoto kinazoea kusogea na majike wanazoea kupisha. Baadaye mama hahitaji hata kuwepo.

Si suala la damu. Kitoto kilicholelewa na jike asiyemzaa hupata cheo cha mlezi wake. Na mwaka 2021, kutokana na kumbukumbu za miaka 27 za Mara, watafiti walionyesha kwamba kitoto hurithi hata marafiki: hukaa karibu na wale ambao mama yake hukaa nao, na mfanano huo ni mkubwa zaidi kwenye familia za juu. Msomaji aliyewahi kutafuta kazi bila kumjua mtu ataelewa bila maelezo zaidi.

Serengeti kuna sura nyingine ya jambo hilohilo. Nyumbu wakihama, chakula kinaondoka na fisi wanabaki na vitoto shimoni. Mama hulazimika kusafiri makumi ya kilomita kufuata nyumbu, ale, arudi kunyonyesha, na vitoto hushinda siku kadhaa bila maziwa. Majike wa juu husafiri mara chache zaidi, kwa kuwa hao ndio wanaotangulia kula kinachopatikana karibu na nyumbani. Wengi wetu tumelelewa na bibi kijijini wakati mama yuko mjini anatafuta. Fisi hana bibi wa kumwachia: kwa kawaida kila mama hunyonyesha wake tu.

Wazee wana faida gani kwa wanyama ambao hawawezi tena kupigana?

Tembo wa Tarangire walilijibu swali hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1993 ulikuja ukame mkali, na katika kipindi cha miezi tisa ndama 16 kati ya 81 waliokuwa wakifuatiliwa walikufa. Hiyo ni kama asilimia 20, wakati miaka ya kawaida hufa wapatao 2 katika kila 100. Vifo havikugawanyika sawa. Makundi mawili yalitoka nje ya hifadhi kwenda kutafuta maji na malisho, na moja likabaki. Lililobaki ndilo lililopoteza ndama wengi.

Tofauti iliyoonekana ni umri wa majike. Makundi yaliyotoka yalikuwa na majike wa miaka 38 na 45. Ukame wa mwisho wa namna ile ulikuwa wa 1958 hadi 1961, kwa hiyo wale walikuwa ndama au wasichana wakati huo na inawezekana waliwafuata mama zao njia zilezile. Kundi lililobaki, mkubwa wake alikuwa na miaka 33. Alizaliwa kipindi cha ukame au mara tu baada yake, kwa hiyo hakuwa na cha kukumbuka.

Na kwa nini halikuwa na wazee? Majangili wa miaka ya 1970 na 1980 walitafuta pembe kubwa, na pembe kubwa ziko kwa wazee. Risasi ilipigwa mwaka mmoja, ndama akafa kwa kiu miaka kumi baadaye. Kwa maoni yangu huu ndio mfano unaogusa zaidi katika ukurasa huu mzima, na ndio unaotajwa kidogo zaidi, pengine kwa sababu hauna picha nzuri ya kurushwa mtandaoni.

Tembo wa Amboseli, waliofuatiliwa na Cynthia Moss tangu 1972, wana ujuzi wa namna hiyo kuhusu sisi. Katika utafiti uliochapishwa 2014 walichezewa sauti za watu kwa kipaza sauti. Sauti ya mwanamume wa Kimaasai iliwafanya wakusanyike na kunusa hewa kwa mkonga kuliko sauti ya mwanamume wa Kikamba, kwa sababu ni Wamaasai ambao mara kwa mara hugombana nao kwa mikuki kwenye maji na malisho. Sauti za wanawake wa Kimaasai na wavulana hazikuwatisha kiasi hicho. Hawakuwa wakiwaogopa Wamaasai kwa jumla. Waliogopa wale wenye mikuki.

Nani huamua kundi liende wapi? Dume kubwa?

Mara nyingi siyo.

Nenda Ziwa Manyara alasiri, wakati nyati wamelala wanacheua. Jike mmoja anainuka, anatazama upande fulani, kichwa kikiwa juu kidogo kuliko akiwa anapumzika, kisha analala tena. Ukitazama kwa haraka utasema ananyoosha mgongo. Herbert Prins, aliyewachunguza nyati hao kwa miaka, aligundua kwamba ukichukua upande ambao kila jike mzima alitazama na kutafuta wastani wake, huko ndiko kundi litakakoelekea jioni. Madume hutazama wanavyotaka, lakini hawahesabiwi.

Nyani wa Mpala, Laikipia, walivishwa kola za setilaiti na matokeo yakatoka 2015. Kundi halikumfuata dume mkuu. Lilifuata upande wenye wengi. Pande mbili zikitofautiana kidogo, nyani walipita katikati. Zikitofautiana sana, waliuchagua ule wenye nyani wengi. Mbwa mwitu wa Botswana nao hupiga chafya kabla ya kwenda kuwinda: akianzisha mkubwa, chafya kama tatu zinatosha, akianzisha mdogo zinahitajika kama kumi. Kwa hiyo kura zipo, ila si zote zina uzito mmoja. Hapo sijui kama wao wametuiga au sisi ndio tumewaiga.

Je, wanyama hupigana vita?

Sokwe hupigana. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, na kwa zaidi ya muongo mmoja picha iliyotoka huko ilikuwa ya sokwe wapole wanaovua mchwa kwa vijiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jamii ya Kasakela ilimeguka, na sehemu ikahamia kusini ikaitwa Kahama. Januari 1974 madume wa Kasakela walipita kimyakimya mpaka wakamkuta Godi, dume wa Kahama, anakula peke yake. Alipojaribu kukimbia walimkamata mguu, mmoja akamkandamiza chini, wengine wakampiga na kumng'ata. Aliyeshuhudia ni Hilali Matama, Mtanzania aliyekuwa miongoni mwa wasaidizi wakuu wa utafiti. Godi hakuonekana tena. Kufikia 1978 madume wote wa Kahama walikuwa wamekufa au kupotea, na waliofanya hivyo walikuwa wamecheza nao utotoni.

Kwa muda mrefu watu walisema ni ndizi walizopewa na watafiti ndizo zilizowaharibu. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya taarifa za jamii 18 za sokwe kutoka sehemu mbalimbali za Afrika haukuunga mkono hoja hiyo. Mauaji yalikwenda na idadi ya madume na msongamano, siyo na usumbufu wa binadamu. Na kanuni moja ilijirudia: washambuliaji huwa wengi na anayeshambuliwa yuko peke yake au wachache. Wakikutana nusu kwa nusu, hupiga kelele na kurudi kwao.

Sasa vuka Mto Kongo. Kusini yake, ndani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanaishi bonobo, walio karibu nasi kinasaba sawasawa na sokwe. Kwao majike hushikamana na kuwazuia madume wakorofi. Katika hifadhi ya Kokolopori, makundi mawili yanaweza kukutana, kuchanganyika, kupekuana manyoya na hata kugawana matunda na nyama na wasio wa kundi lao. Anayesema vita viko kwenye damu yetu kwa kuwa viko kwa sokwe, na atueleze kwa nini amemsahau binamu wa pili.

Tabia ya ukatili ikishaingia kwenye jamii, inaweza kutoka?

Kuna kisa kimoja maarufu kutoka Kenya. Robert Sapolsky alikuwa akiwafuatilia nyani kusini mwa nchi, pembezoni mwa Maasai Mara. Hoteli moja ya kitalii ilikuwa na jalala, na madume wakali zaidi wa kundi alilolifuatilia walikwenda huko kila asubuhi kupigania mabaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyama yenye kifua kikuu ikatupwa jalalani. Wale wakali wakafa, karibu nusu ya madume wa kundi.

Waliobaki walikuwa majike na madume wapole. Kupigana kulipungua, kupekuana manyoya kukaongezeka. Hilo halishangazi. Kinachoshangaza ni kwamba madume wa nyani huhama wakibalehe, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa hakuna dume hata mmoja aliyekuwepo enzi za jalala, na bado kundi lilikuwa tulivu. Wageni walifika na ubabe wa walikotoka, wakapokelewa vizuri na majike mapema kuliko kawaida, na ndani ya miezi wakazoea taratibu za wenyeji. Ni kundi moja tu, na lilipona kwa bahati mbaya ya wengine, kwa hiyo tusilibebeshe zaidi ya linachoweza.

Simba dume ana majike wengi. Si ndiyo asili ya mwanamume?

Anayetaka sheria ya simba aichukue yote. Dume hukaa na majike kwa miaka miwili mitatu hivi, kisha vijana hufika, humtimua na kuua watoto wake wadogo. Wengi hufa wakiwa na majeraha. Majike ndio wanaobaki na ardhi. Na ukishamaliza na simba, uje tuzungumze kuhusu tembo, fisi na bonobo.

Kuna matapeli porini?

Wapo, na fundi wao ni mlamba, ndege mweusi mwenye mkia wa panda. Tunaye Afrika Mashariki, ingawa aliyechunguzwa zaidi ni wa jangwa la Kalahari. Mlamba hukaa mtini akiwalinda wanyama wadogo wanaochimbua wadudu. Akiona mwewe hupiga kelele, nao wanakimbia na kupona. Baada ya kujijengea jina zuri, anasubiri mmoja wao apate mdudu mnono, anapiga kelele ya uongo, mwenye mdudu anamtupa na kukimbia, mlamba anateremka. Karibu robo ya chakula chake hupatikana hivi. Wakianza kumshtukia, hubadilisha sauti na kuiga kengele ya hatari ya mnyama mwingine, pengine ya mhanga mwenyewe.

Ni mbinu ya wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ujumbe hufanya kazi kwa sababu siku nyingi kuna mtu kweli anayesubiri hela. Mlamba naye angedanganya kila mara, asingekuwa na wa kumsikiliza.

Wanyama wana ukabila?

Fuko uchi wana kitu kinachofanana nao kwa kutisha. Ni wanyama wasio na manyoya wanaoishi chini ya ardhi Kenya, Ethiopia na Somalia, makundi ya makumi kadhaa yenye malkia mmoja anayezaa. Kila kundi lina lafudhi yake ya mlio wa kusalimiana, na mgeni hushambuliwa. Utafiti uliofanyika maabara Berlin na kuchapishwa 2021 ulionyesha kwamba kitoto kikihamishiwa kundi jingine kikiwa kichanga hujifunza lafudhi ya walezi. Malkia akifa na kiti kikawa wazi, lafudhi huvurugika mpaka apatikane mwingine.

Tunajuaje haya yote? Si ni kuwavisha wanyama akili za watu?

Hatari hiyo ipo na ndiyo maana watafiti hujaribu. Mfano mzuri ni tumbili wa Amboseli, ambao wana milio tofauti kwa chui, tai na nyoka. Dorothy Cheney na Robert Seyfarth walificha kipaza sauti kichakani na kucheza milio iliyorekodiwa, bila adui yeyote kuwepo. Mlio wa chui: tumbili wakapanda miti. Mlio wa tai: wakatazama angani au kukimbilia vichakani. Mlio wa nyoka: wakasimama kwa miguu miwili wakichungulia nyasi. Kama ungekuwa ni woga tu, wangefanya jambo moja. Matokeo hayo yalitoka 1980 na bado ndiyo kipimo kizuri cha kumuuliza mtu anayedai mnyama fulani "anajua": ulimjaribu vipi?

Utoto mgumu humwathiri mnyama akiwa mzima?

Nyani wa Amboseli wanafuatiliwa tangu 1971, na majike wao wametoa jibu zito. Watafiti waliorodhesha mikosi sita ya utotoni: ukame mwaka wa kuzaliwa, kufiwa na mama, mama wa cheo cha chini, mama mpweke, kundi lililojaa mno, na mdogo kuzaliwa upesi. Waliopata mitatu au zaidi waliishi kwa wastani miaka 10 pungufu kuliko wasiopata hata mmoja, na jike mwenye bahati hufika miaka ya ishirini. Nyani hawavuti sigara, hawana bima ya afya wala shule za kulipia. Kwa hiyo wanaodai kwamba watoto wa maskini huugua ukubwani kwa sababu ya mienendo yao tu wana kazi ya kueleza.

Kuna mnyama wa porini anayeshirikiana na mtu kwa hiari?

Mlembe. Ndege huyu anapenda nta na funza wa nyuki lakini hawezi kupasua mzinga wala kuvumilia kuumwa, na mtu hana mabawa ya kuitafuta asali. Utafiti wa 1989 kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya ulikuta kwamba bila mlembe mtu hutafuta kwa wastani wa saa 8.9 kabla ya kupata mzinga. Akiongozwa, saa 3.2. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mlio wa kutetemesha ulimi unaomalizika kwa mguno, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi humwita kwa mluzi. Majaribio yaliyochapishwa 2023 yalionyesha ndege wa kila upande huitikia zaidi mwito wa wenyeji wake.

Malipo ndiyo yanayonifurahisha. Wayao humtengea nta juu ya majani mabichi. Wahadzabe mara nyingi humficha nta au kuichoma, ili abaki na njaa na aendelee kuongoza. Waajiri wa aina zote mbili tunawajua.

Nikitaka kujionea, niende wapi na lini?

Nyumbu wanaozaa: Ndutu, Februari. Mashimo ya fisi yako mengi uwanda huohuo. Mwambie dereva unataka kukaa kando ya shimo saa nzima badala ya kukimbiza simba, atakushangaa kisha atafurahi. Tembo wa Tarangire ni wengi kiangazi, kuanzia Julai hadi Oktoba, wanaporudi mtoni. Manyara kwa nyati, alasiri. Gombe unafika kwa boti kutoka Kigoma na unatembea kwa miguu milimani, kwa hiyo vaa viatu vya maana. Ukiwa na mafua usiende kwa sokwe: magonjwa yetu ya kifua huwapata na kuwaua, na walinzi wana haki ya kukurudisha hata kama umeshalipa.